Mkono Uliobaki Mfukoni

Mashati yote ya Amon yalikuwa meusi, au ya bluu ile nzito inayokaribia weusi, na wala hakuwa na msiba. Alikuwa na jasho. Sisemi jasho la mtu aliyetoka kulima au aliyekimbilia gari, hilo kila mtu analo. Nasema jasho la kukaa tu. Mwalimu Amon angeweza kuketi kivulini asubuhi ya mwezi wa saba, watu wamejitanda mablanketi, na bado kwapa zikalowa na viganja vikateleza kama vya mtu aliyetoka kuosha vyombo. Chaki ililainika mkononi mwake kabla hajamaliza kuandika tarehe ubaoni. Wanafunzi wake, ambao Mungu aliwanyima huruma akawazidishia midomo, walimwita Igombe, kwa jina la lile bwawa lililounywesha mji wa Tabora miaka nenda rudi.

Alishakwenda hospitali, msidhani alikaa tu. Daktari alimweleza vizuri kwamba jasho hilo si ugonjwa wa kuambukiza, wapo watu wanaoumbwa hivyo. Avae nguo za pamba zisizobana, apake dawa ya kwapa usiku kabla ya kulala, na zaidi ya yote asiwaogope watu, maana hofu nayo hutoa jasho. Amon alishukuru, akatoka, akaenda moja kwa moja dukani kununua shati jingine jeusi.

Tatizo lake kubwa halikuwa kwapa hata hivyo, lilikuwa viganja. Huku kwetu salamu isiyo na mkono ni nusu ya salamu. Watu husifu jasho wakiwa jukwaani, jasho la mkulima, jasho la mnyonge, lakini waguse kidogo tu kiganjani mwako uone wanavyojipangusa kwenye suruali. Amon aliona wakijipangusa tangu akiwa mtoto, na kila mara moyo ulimuuma upya. Basi akajifunza kusalimia kwa mbali, mkono kifuani, kichwa kikiinama. Kanisani aliingia wimbo wa kwanza ukishaanza na kutoka kabla mchungaji hajasimama mlangoni kuwapa watu mikono. Wengine walimwona mnyenyekevu, wengine wakasema anaringa.

Kisha akampenda Julieth, mwalimu wa shule ya msingi pale Chemchem, msichana wa kwaya, mcheshi, asiyekaa na jambo moyoni. Alimpenda mpaka akawa anajichukia mwenyewe. Wakaendelea hivyo miaka miwili, wakitembea sambamba barabarani, yeye mikono mfukoni, mpaka wakafika kwenye neno la posa. Julieth akamwonya mapema. "Baba yangu hana posa ya mara mbili. Yupo mmoja alikataliwa, akarudi na wazee wa heshima, hakupewa hata kiti. Ukikosea siku hiyo, Amon, tumekwisha."

Akampa na zawadi, shati la bluu kama anga ya kiangazi. "Uvae hili. Ukija na yale meusi yako, nyumbani watadhani nimewaletea mchimba kaburi."

Amon alicheka, lakini alilipokea kwa ncha za vidole. Shati la namna ile ni mshitaki. Tone moja tu linaandika doa ambalo hata kipofu ataliulizia. Angeweza kumwambia Julieth ukweli pale pale, na hadithi hii ingekuwa fupi. Hakusema. Alisema ahsante, ni zuri sana, kisha akaazima koti kwa jirani, koti zito lenye bitana, la kulifunikia.

Koti, jamani, mwezi wa kumi! Nani asiyejua mwezi wa kumi wa Tabora, mvua imeahidi na haijaja, mabati yanapasuka kwa joto, hata kuku wanatembea wamepanua midomo? Ndani ya Noah waliyokodi kwenda Goweko, nyumbani kwa kina Julieth, mshenga wake alimtazama akatikisa kichwa. Mshenga alikuwa Mzee Samweli, mzee wa kanisa, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, ingawa maneno humtangulia moyo.

"Vua hilo koti, kijana. Babu zetu walipita njia hii hii na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani. Mnyamwezi na jasho ni ndugu."

"Niko sawa, mzee."

"Haya. Lakini kumbuka, ukishaingia wewe ni bubu. Mwenye posa hasemi. Ukifungua mdomo tunapigwa faini, na aibu juu. Mimi ndiye mdomo wako."

Amon aliitikia kwa kichwa. Tayari shati lilikuwa limemganda mgongoni, na leso aliyoikamata mfukoni ilikuwa imelowa chepechepe.

Masolwa, baba yake Julieth, alikuwa mkulima wa tumbaku, na nyumba yake ilikuwa nzuri, ya tofali za kuchoma, mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, yakiwa nyuma. Wageni waliingizwa sebuleni, madirisha yamefunikwa kwa mapazia mazito ya sherehe, upepo hakuna. Masolwa aliketi upande wa pili, mkimya, mikono juu ya magoti. Pembeni yake alikuwa dada yake, Shangazi Paskazia, ndiye msimamizi wa shughuli. Jikoni, nyuma ya pazia, zilisikika sauti za wanawake, na Amon alijua Julieth yumo miongoni mwao. Jasho lilimshuka kutoka utosini likapita nyuma ya sikio. Alilihisi likiingia kwenye kola, na jinsi alivyoomba lisimame ndivyo lilivyozidi.

Ndipo akaingia Bibi Recheli, mama yake Masolwa, kamwanamke kafupi kakali kenye kitenge kilichofungwa kifuani. Aliwapitia wageni mmoja mmoja akiwapa mkono. "Mwangaluka," akamwambia Mzee Samweli, wakashikana. Akampa dereva. Akafika kwa Amon, akanyoosha mkono.

Amon alisimama upesi. Aliinama mpaka kidevu kikagusa kifua. "Shikamoo, bibi." Lakini mkono wa kulia ulibaki mfukoni. Aliuamuru utoke, ukakataa. Aliona mbele yake wale wote waliowahi kujipangusa, tangu mwalimu wake wa darasa la kwanza, na sasa bibi yake Julieth naye angejipangusa mbele ya ukoo mzima.

Mkono wa bibi ulining'inia hewani. Hakuitikia marahaba. Aligeuka akawatazama wanawe.

"Mkono wangu una nini?"

Kwa watu wale lile lilikuwa tusi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Masolwa aliinua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama Amon, akayarudisha chini. Mzee Samweli aliona posa inazama mbele ya macho yake. Akadaka neno la kwanza lililompitia.

"Msamehe, mama! Mwenzetu ni mgonjwa. Ametoka hospitali juzi tu, homa ya matumbo. Anaogopa kukuambukiza."

Loo! Uongo mwingine huvaliwa ukakaa mwilini kuliko ukweli. Mtu mwenyewe ana koti zito kwenye joto lile, anatiririka, midomo inamtetemeka. Nani asingeamini? Shangazi Paskazia alisogeza kiti chake nyuma. Mtu mmoja jikoni akasema, "Kwa nini wamemleta na maradhi yake?"

"Mgonjwa haoi," Masolwa alisema taratibu, bila hasira, na hilo lilitisha zaidi. "Mgonjwa anatafuta muuguzi. Mwanangu simtoi kwa ajili hiyo. Mzee Samweli, nawashukuru kwa safari. Mchukueni mtu wenu mkamtibu."

Posa ilikuwa imefungwa.

Na hapa ndipo ninapomkasirikia Amon, maana kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa nafuu. Ndiyo, nafuu! Mgonjwa huonewa huruma. Mgonjwa angetoka pale na koti lake limefungwa vifungo vyote, siri yake salama, na watu wangemwombea. Aliinamisha kichwa kama mgonjwa hasa. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni.

Chini ya pazia la jikoni aliiona miguu ya Julieth. Alikuwa amesimama hapo akisikiliza, karibu kabisa, na vidole vya miguu yake vilikuwa vimekunjwa kwa nguvu. Kisha miguu ile ikageuka, ikaanza kuondoka. Julieth alijua hajawahi kulazwa. Jioni ya jana tu walikuwa pamoja.

Amon akasimama katikati ya sebule. "Baba," alisema.

"Nyamaza!" Mzee Samweli alimnong'oneza kwa ukali, akaikamata mikono ya koti kumrudisha. Amon hakupigana naye. Alinyoosha tu mabega nyuma, akatoka ndani ya koti, akamwachia mzee koti tupu mikononi.

Shangazi Paskazia alisema "Yesu wangu!" Lile shati la rangi ya anga lilikuwa limegeuka rangi mbili. Kutoka kwapani mpaka kiunoni lilikuwa jeusi kwa maji, limemnata mbavuni, na alipoinua mikono tone lilidondoka kwenye sakafu ya saruji wote wakiliona.

"Baba, mimi siumwi. Mzee Samweli alitaka kunisaidia, nami nikanyamaza, kwa hiyo uongo huo ni wangu. Mimi natoka jasho. Ndivyo nilivyo tangu utoto, kwa joto na kwa baridi, na viganja ndivyo vibaya zaidi. Sikumpa bibi mkono kwa sababu umelowa, niliona haya. Hakuna kingine. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa hilo."

Bibi Recheli akasema, "Ulete huo mkono."

Amon akautoa. Bibi aliushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akaufungua vidole, akaubana kama anayekamua nguo.

"Maji!" alitangaza, akijipangusa kwenye kitenge bila kujificha. "Haya ni maji tu! Mimi nimezaa wanane, nimeshika mbolea, nimeshika matapishi, leo nife kwa maji ya mkwe? Mwanamume mzima! Vyura wa mtoni wana maji kuliko wewe, na hakuna anayewavalisha koti."

Wanawake jikoni walipasuka kicheko. Hata dereva alicheka. Amon aliona bibi akijipangusa, ile picha aliyoikimbia maisha yake yote, na akashangaa kwamba bado amesimama. Ilimuuma, sitaki kuwadanganya, lakini iliuma na ikapita.

Masolwa hakucheka. "Jasho si hoja," alisema. "Aliyelima tumbaku hacheki jasho. Hoja ni kwamba mmeingia nyumbani kwangu mkanidanganya. Mshenga atatoa mbuzi." Mzee Samweli, akiwa bado amekumbatia koti, alikubali kwa kichwa. Masolwa akafikiri kidogo. "Haya. Aitwe mtoto. Mimi nilishasema langu, sasa aseme yeye."

Julieth aliingia amejifunika kanga, akapiga magoti mbele ya wazee. Macho yake yalikuwa mekundu. Shangazi Paskazia akauliza lile swali la desturi: "Mwanetu, wageni hawa wamekuja, wanasema wana ua lao humu. Huyu kijana unamfahamu?" Kila mtu anajua jibu lake. Msichana huinama, akasema namfahamu, vigelegele vikapasua paa. Jikoni walishavuta pumzi tayari.

Julieth aliinua kichwa akamtazama Amon. Alilitazama shati kutoka kolani mpaka kwenye mkanda, hakuharakisha.

"Hapana, shangazi," alisema. "Simfahamu."

Pumzi za jikoni zilibaki vifuani.

"Ninayemfahamu mimi nilimuuliza kama ana shida, akasema hana. Nikamuuliza tena, akaniambia mimi ndiye ninayewaza sana. Leo amekubali aitwe mgonjwa mbele ya baba yangu, na karibu aondoke hivyo hivyo. Huyu aliyevua koti sasa hivi nimemwona leo, kama nyinyi mlivyomwona leo. Sijui kama nitampenda. Nadhani nitampenda." Alifuta pua kwa upindo wa kanga. "Lakini kwanza nimjue, baba. Nisiseme uongo nikiwa nimepiga magoti."

Masolwa alivua kofia yake, akaizungusha mkononi. Hakuwa mtu wa kubadili neno lake, kila mtu alilijua hilo, na yeye zaidi ya wote.

"Mtarudi tukishavuna," alisema hatimaye. Mavuno yalikuwa mbali, mbegu zenyewe zilikuwa bado kitaluni.

Hawakufukuzwa, hawakukubaliwa. Walipewa ugali na kuku, wakala, Amon na shati lake lililolowa kati ya watu wakavu, na mara nyingi alitamani kuomba koti. Hakuliomba. Walipomaliza, Julieth akawasindikiza, kama mgeni anavyosindikizwa. Mzee Samweli alitangulia kwenye gari, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Barabarani Julieth alinyoosha mkono. Amon aliutazama, kisha akampa wa kwake, unachuruzika jasho. Julieth aliushika akaufumba, akabaki nao.

"Miaka miwili, Amon," alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Kila nikikusogelea unarudi nyuma. Unajua nilikuwa nafanya nini nikifika nyumbani? Nilikuwa nafunga mlango, najinusa."