Vidole vya Emery kwenye Ampli

Nyumba ya Thaddée kule Kavimvira, kando ya ziwa, haikuwa na sheria nyingi. Wageni waliingia na viatu, kuku walikatiza sebuleni wakitaka, na hakuna aliyefukuzwa. Lakini ole wake aliyegusa ampli ya kijana wake Emery! Hapo mtoto yule mpole, asiyeinua sauti mbele ya baba yake, aligeuka afisa wa forodha kabisa.

Ampli yenyewe, mashine ya kukuza sauti ya redio, pamoja na spika zake mbili, aliinunua Bujumbura kwa jasho lake. Ilikuwa nyeusi, ya kung'aa kama kiatu cha mchungaji siku ya Pasaka. Na weusi ule wa plastiki una ubaya wake: kila kidole kilichotoka kula kinaacha alama. Basi Emery alimfundisha mama yake, Florentine, namna ya kuipangusa, akamfundisha mpaka mama akachoka. Kwanza zima. Halafu chomoa waya ukutani, ungoje ipoe. Chukua kitambaa laini cha pamba, singlendi kuukuu, si taulo linalokwaruza. Maji yanatiwa kwenye kitambaa, hayatiwi kwenye ampli, na sabuni ya vyombo ni tone tu. Kamua mpaka pasidondoke kitu. Pangusa polepole bila kukandamiza, kisha kausha papo hapo.

"Na usitie petroli, mama, wala ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Ile inakula plastiki. Inaiyeyusha."

"Weye ndiye unanifundisha kusafisha?" Florentine alimcheka. "Nani alikuosha mavi?"

Sasa asubuhi ile ya safari, huyo huyo mwenye sheria alikuwa amechelewa. Boti ya kwenda mjini Baraka ilikuwa inapakia. Alikuwa anakula mihogo na ndagala, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa kwa mafuta mekundu ya mawese, anatafuna huku anatafuta viatu, mara kwaya aliyoipenda ikaanza kuimba redioni. Emery akaruka! Akaongeza sauti kwa mkono uleule wa mafuta, akaegemea uso wa ampli. Vidole vinne vikabaki pale, vyekundu kabisa, na dole gumba kando ya kitufe cha sauti.

Florentine akapiga makofi. "Leo nimekukamata! Muntu wa sheria!"

Emery alicheka mpaka ndagala ikampalia. Mama alipoinuka kutafuta kitambaa, alimzuia. "Acha, mama. Usiguse. Miye mwenyewe nitapangusa nikirudi."

Boti ile ilizama mbele ya kijiji cha Mboko. Upepo uliwakuta wamejaza watu na magunia, na habari ikaishia hapo. Wengine waliokolewa, wengine walitupwa ufukweni wakazikwa na ndugu zao. Emery hakuonekana. Thaddée alitembea kijiji kwa kijiji akiuliza wavuvi, akarudi nyumbani kwa mkewe na miguu imevimba. Hakukuwa na maiti wala kaburi. Hata msalaba wa kushikilia haukuwepo.

Florentine aliifunika ampli kwa kitenge. Kila siku alikiinua, akachungulia. Mistari ya dole gumba ilionekana wazi, ikizunguka, na kovu dogo alilopata Emery utotoni kwa kisu cha kumenyea mihogo. Picha za mtoto alikuwa nazo, lakini picha haina mkono. Mkono wa mwanawe ulikuwa pale. Na majirani walipomwambia apanguse vumbi, alijibu: "Alisema atapangusa mwenyewe." Wakatazamana. Acha watazamane! Yeye alijua kwamba siku atakayopitisha kitambaa, atakuwa amekiri kwa mikono yake mwenyewe kwamba Emery harudi.

Mwisho Thaddée alisema, "Mama Emery, tuondoe kilio, msiba uishe. Ukoo unauliza."

Na katika ukoo wa Thaddée, siku ya kuondoa kilio, mama wa marehemu hagusi fagio wala ndoo. Wanawake wanampeleka ziwani kumnyoa na kumwogesha. Nyuma yake, dada za mume wanaosha kila kitu ambacho kifo kilikikuta nyumbani, maana kinachobaki kichafu, wanasema, kinamfanya marehemu azunguke mlangoni asipumzike. Thaddée alikuwa na dada mmoja tu, Anne-Marie. Huyu ndiye aliyembeba Emery mgongoni, na ndiye aliyezimia habari ilipofika.

"Wifi," Florentine alimwambia asubuhi ile, "osha yote. Kuta, masufuria, hata kitanda chake. Ila kile kilicho chini ya kitenge uniachie."

"Sawa, wifi."

Hakueleza zaidi. Aliona haya. Utawaambiaje watu kwamba unapenda doa la mafuta ya samaki? Loo, laiti angesema!

Ziwani walimnyoa, wakammwagia maji kichwani. Ni maji yaleyale yaliyomla mwanawe, na yalipomwingia kinywani aliyatema kwa hasira. Lakini alipokuwa amechuchumaa pale, moyo wake ulikubali kitu. Atapangusa. Leo hii, kwa singlendi, kwa tone la sabuni, kama alivyofundishwa. Atatoa vidole vinne, marehemu apumzike. Dole gumba atalibakiza. Dole gumba tu, nani atamnyima mama dole gumba? Akarudi nyumbani akitembea upesi kuliko wanawake waliomsindikiza.

Alianza kuisikia harufu mlangoni. Haikuwa harufu ya sabuni. Ilikuwa harufu kali, tamu, ya saluni.

Anne-Marie alikuwa amepiga magoti mbele ya ampli. Kitenge kilikunjwa vizuri kando yake, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Wifi, nilikataa kuigusa, Mungu anaona. Kisha nikainua kitenge kidogo, nikaona iko na uchafu. Nikasema, kitu cha mutoto wetu kibaki hivi, Emery atapumzika namna gani? Nikapangusa, lakini mafuta yalishakauka, yakabakia kidogo. Nikakimbilia dawa ya kucha kwa jirani. Nikaishikilia huku kwa mkono, ili isisogee. Nilitaka iwe muzuri, wifi. Iwe muzuri tu."

Uso wa ampli ulikuwa umepauka na kujikunja. Plastiki ilikuwa imelainika, kisha imekauka tena. Na pale Anne-Marie alipoishikilia, alama za vidole vyake vinne zilikuwa zimezama ndani, na mistari yake yote.

Wanawake waliokuwa nyuma ya Florentine walingoja kilio. Yeye alikwenda ukutani akachomoa waya, ingawa umeme haukuwepo tangu jana. Akachukua singlendi ya Emery, akailowesha, akatia tone la sabuni, akakamua mpaka pasidondoke kitu. Akapiga magoti karibu na wifi yake. Alianza kando ya kitufe cha sauti, na pale hapakuwa na kitu, si mstari, si kovu. Akahamia kwenye vile vidole vinne. Akapangusa polepole bila kukandamiza, akakausha, akatazama. Akalowesha tena.

"Nisamehe, Mama Emery," Anne-Marie alilia. "Nitukane basi. Nipige."

Uani wageni walikuwa wameshaketi, na harufu ya ndagala za kukaanga iliingia dirishani. Thaddée alikuja, akasimama mlangoni, akaona.

"Mama Emery, inatosha. Watu wanakungoja uje ule."

"Iko bado chafu," Florentine alisema, akaendelea kupangusa vidole vya wifi yake, ambavyo havingetoka tena.