Shimo Lililoachwa Wazi

Siku Muhanga alipokosa kurudi nyumbani, jua lilikuwa limeshapanda na mkewe bado ameshika majani mabichi ya kumsafishia masikio. Ndivyo walivyoishi miaka yote: mume anarudi alfajiri, udongo umemjaa masikioni, mke anamfuta taratibu, na hakuna anayeuliza udongo huo umetoka wapi. Asubuhi ile aliyeingia shimoni alikuwa Mbweha, mkubwa wa kundi lao, amebeba bonge la chumvi kubwa kuliko yote aliyowahi kuleta. Mama Muhanga alilitazama lile bonge, akajua.

"Njia imeporomoka, shemeji," alisema Mbweha, macho chini.

"Imeporomoka, au imeporomoshwa?"

Mbweha aliliweka bonge chini. Alisema tu kwamba siku za karibuni mumewe alikuwa anaongea sana, mara amechoka, mara anataka kupumzika, na kazi yao haina mapumziko. Kisha akamsihi asilie kwa sauti, akaondoka.

Nchi yao ilikuwa nchi ya chumvi. Mfalme Kiboko aliitawala akiwa majini, macho na masikio tu juu, na kila alipopiga miayo washauri walichukulia kwamba ameafiki. Chumvi yote iliwekwa ghalani, chini ya ulinzi wa Waziri Mamba, ili wanyama wagawiwe kila mwezi unapoandama. Muhanga alikuwa mwizi wa ghala hilo. Hakuwa mwizi wa kubahatisha. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua tangu ujana, tangu Mbweha alipomkuta akifukua mchwa akazisifu kucha zake. Yeye alichimba, kundi likabeba, chumvi ikavuka mto. Alikamatwa mara mbili, na mara zote akatolewa kwa neno la Waziri mwenyewe, kwa kuwa waliokuwa wakiipokea chumvi ng'ambo ni mashemeji wa Waziri.

Mkewe aliyajua hayo. Alijua pia kwamba nyumbu majike walikuwa wakikaukiwa maziwa, na ndama wao wakilamba mawe. Hata hivyo chumvi ya mumewe aliilamba, akawalambisha na wanawe.

Katika nchi ile, mchimbaji akifa Baraza humtangaza, kisha jamaa zake hukusanyika kuuziba mdomo wa shimo lake kwa udongo. Hapo ndipo kilio huruhusiwa. Kuziba shimo la mtu ambaye hajatangazwa kulihesabiwa sawa na kumuua. Basi Mama Muhanga alinyamaza, akangoja tangazo.

Badala yake ghala likavunjwa tena, na mpiga mbiu akapita akitangaza kwamba Muhanga ameiba. Mwezi mwingine ulipoandama, likavunjwa, Muhanga tena. Tangu afe, mume wake aliiba kuliko alivyoiba alipokuwa hai. Walinzi wakawa wanaingia shimoni wapendavyo, wanapekua matandiko, wanakula mchwa wa watoto, kisha wanamwambia kwa adabu kwamba mumewe akija ashauriwe kujisalimisha.

Alivumilia mpaka akashindwa. Akamchukua binti yake wa kwanza, wakaenda barazani.

Siku hiyo ukingo wa mto ulikuwa umejaa nyumbu. Walikuwa wamezika ndama juma lile, na hawakuja kuomba chumvi tena. Walikuja kumtaka Muhanga, wapewe wamkanyage wenyewe. Mama Muhanga akapenya kwa unyenyekevu hadi mchangani alipolala Waziri, akaomba kusema naye pembeni. Akaeleza kwamba hataki kujua nani alifanya nini, wala hana wa kumshitaki. Anachotaka ni ruhusa ya kuziba shimo na kulia.

"Mume wangu alikuwa mwizi, mheshimiwa. Sikatai. Lakini na mwizi naye ana wa kumlilia."

"Pole sana, mama," alisema Mamba, na sauti yake ilikuwa na huruma kweli. "Tukimtangaza leo, kesho unaziba. Na mila unaijua. Shimo likizibwa, jina la baba linamwendea mtoto wa kwanza." Akamgeukia binti, akamtazama toka kucha hadi masikio. "Muhanga atakuwa huyu. Na hawa wenzetu hapa wanamtafuta Muhanga."

Mfalme akapiga miayo. Washauri wakaitikia kwa vichwa.

Kwa kilio alichokifungia kifuani miezi yote hiyo, Mama Muhanga alikuwa ameisahau mila hiyo. Alisimama akiziangalia kwato za nyumbu mchangani.

"Mama, sema tu," binti alimnong'oneza. "Baba azikwe. Mimi nitakimbia."

"Utakimbilia wapi, mwanangu?"

Nyumbu mmoja jike, aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika, alikuwa ameshamtambua. Akamsogelea, akamuuliza mbele ya wote, "Wewe mke wa mwizi, mumeo yuko wapi?"

Mama Muhanga alitamani kumwambia ageuke amtazame aliyelala mchangani nyuma yao. Alitamani kumwambia pole kwa mtoto. Lakini binti yake alikuwa katikati ya kundi lile.

"Yu hai," akasema. "Juzi alipita nyumbani, akaondoka. Hakuniaga."

Nyumbu akamtemea mate. Waziri akamshukuru kwa niaba ya Mfalme kwa ushirikiano wake, akaagiza msako uendelee.

Njiani binti alianza kulia. Mama yake akamsimamisha. "Futa machozi," alimwambia. "Watauliza unamlilia nani."

Sasa ghala linavunjwa kila mwezi, na walinzi bado wanakuja kumtafuta Muhanga. Mdomo wa shimo uko wazi. Masika haya maji yameingia mpaka chumba cha pili, na Mama Muhanga na wanawe wanalala cha tatu.