Nukta Maji

Kanyiva alikuwa na miaka ishirini na sita alipochagua neno "maji", na siku hiyo hakuona kama anachagua jambo kubwa.

Chama cha maji kilikuwa kimemwajiri atengeneze tovuti. Mwenyekiti, Mzee Mulinge, ndiye aliyemtafuta. Alikuwa shemasi katika kanisa la kina Kanyiva, na alimpa kazi wakati hakuna mtu mjini Sultan Hamud aliyeelewa diploma yake ya kompyuta ni ya kufanyia nini. Kilichotakiwa ni ukurasa mmoja tu, ambapo mtu yeyote mwenye simu angeandika kwamba bomba limepasuka, tangi limekauka, au kuna anayeiba maji. Namba ya aliyeripoti ingebaki ndani, isionekane na mtu.

Faili ya tovuti huwa na herufi za mwishoni, baada ya nukta. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hutazama herufi hizo ndipo ijue la kufanya: iitekeleze faili, au imtolee msomaji jinsi ilivyoandikwa. Kwa lugha aliyotumia Kanyiva, herufi za kawaida zilikuwa php. Yeye hakuzipenda. Aliziona kavu, tena aliona zinamwambia kila mdukuzi tovuti imeandikwa kwa lugha gani. Basi akaiagiza seva yake kwamba faili yoyote inayoishia na "maji" itekelezwe vilevile, na ukurasa wake akauita ripoti.maji.

"Hiyo hata mama yangu ataikumbuka," Mzee Mulinge alisema, akacheka kwa furaha. Akaagiza anwani ile ipakwe rangi kwenye kila tangi la chama, matangi mia mbili na kumi na manne, kutoka Makindu hadi Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi.

Miaka sita ilipita salama. Kisha kamati ikaamua kuhamia seva ya kukodi. Kanyiva alihamisha kila kitu Jumatatu asubuhi, akajaribu ukurasa wa mbele, ukafunguka vizuri, akaenda kupumzika. Ukurasa wa ripoti hakuujaribu.

Jumatano, saa nne, simu yake ililia. Alikuwa Bile, mfanyabiashara wa mbuzi aliyenywesha mifugo yake kwenye tangi la Makindu.

"Dada, tangi ni kavu na mbuzi wanalia. Nimefungua ile page yenu niripoti, inaniletea maneno siyaelewi. Alama za dola tupu."

"Za dola?"

"Nyingi. Halafu hapa juu imeandikwa password, na neno lingine mbele yake."

Seva mpya haikujua "maji" ni nini, na kwa kutojua ilikuwa ikimpa kila mtu faili nzima jinsi alivyoiandika, pamoja na alama za dola za lugha ile na neno la siri la kufungulia daftari la ripoti na namba za walioripoti. Siku mbili sasa. Alimshukuru Bile, akaandika kuhusu tangi lake, akaiondoa ile faili.

Hapo shimo la pili likafunguka. Faili ikiondoka, anwani kwenye matangi yote ilikuwa imekufa, na huo ulikuwa mwezi wa tisa, mvua bado. Akiirudisha, siri za watu ziko nje. Aliwapigia wenye seva.

"Madam, sisi tunatambua php peke yake," kijana wa huko alimwambia. "Mipangilio ya seva haiguswi na mteja. Badilisha tu jina la faili."

"Jina limepakwa rangi kwenye matangi mia mbili."

"Pole sana, madam."

Alikuwa bado ameshika simu Mzee Mulinge alipoingia ofisini. Mwenyekiti alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nasikia ukurasa haufunguki."

"Nautengeneza, mzee."

"Usiharakishe. Wacha ukae hivyo mpaka mkutano wa Jumamosi upite. Watu wameandika uongo mwingi huko."

Kanyiva alielewa ni "uongo" upi aliomaanisha. Wiki tatu nyuma, mtu wa Kanyangi aliripoti kwamba bomba kuu limetobolewa na maji yanaenda kwenye shamba la matikiti la Mutisya. Mutisya ndiye msimamizi wa pampu, na ni shemeji yake Mulinge. Mzee alikuwa amemwomba Kanyiva namba ya aliyeandika, mara mbili, kwa sauti ya kanisani, na mara mbili Kanyiva alisema haiwezekani.

Mzee alipotoka, Kanyiva alikaa akitazama kioo. Kila njia aliyoishika ilimrudisha kwenye herufi zile nne. Alijaribu hili, akajaribu lile, seva ikakataa yote. Chai ikapoa mezani. Karibu saa nane ndipo alipokumbuka jambo dogo sana: folda nayo ina jina, na hakuna sheria inayokataza jina la folda kuwa na nukta. Akaunda folda, akaiita ripoti.maji, ndani yake akaweka faili ya kawaida inayoishia na php, ile ambayo seva huifungua yenyewe mtu akitaja folda. Akaandika anwani ya kwenye matangi. Ukurasa ukafunguka. Alibadilisha neno la siri, akafunika uso kwa viganja.

Lakini seva huandika kila anayeingia, na ilibidi asome. Jumatatu alasiri, mtu alikuwa amefungua ile faili iliyoachwa wazi mara kumi na moja kwa mtandao wa ofisi hii hii, kisha akaingia kwenye daftari na kuchukua orodha yote ya namba. Jumatatu alasiri Kanyiva hakuwepo. Aliyekuwa ameketi ofisini na mwenyekiti alikuwa Mutisya, ambaye kabla ya pampu alifundisha kompyuta shule ya upili.

Kesho yake alikwenda Kanyangi. Aliyeripoti alikuwa Syokau, mjane anayeshika ufunguo wa kioski cha maji sokoni. Alimkuta akisuuza mitungi, naye hakunyanyua uso.

"Wewe ndiye uliniambia hakuna atakayejua."

"Mwaitu, si mimi niliyesema jina lako."

"Mutisya alikuja jana. Amesema Jumamosi nisimame niseme nilidanganya, ama ufunguo upewe mtu mwingine. Namba yangu alikuwa nayo kwa karatasi. Ilitoka wapi?"

Kanyiva alimweleza, akimwita mama kwa Kikamba kila sentensi ya pili, mpaka akafika kwenye herufi za mwisho wa faili na jinsi alivyozichagua kwa sababu ya urembo. Syokau alisikiliza yote.

"Kwa hivyo ulitaka ipendeze," alisema.

"Ndiyo."

"Na hayo utayasema mbele ya watu?"

Kanyiva aliinama, akachukua mtungi mmoja, akausuuza. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Hangeweza kumtaja Mutisya bila kueleza mlango ulivyoachwa wazi, na aliyeuacha wazi ni yeye. Akinyamaza, Syokau atasimama adanganye. Akisema, Mulinge ana jibu tayari: mfanyakazi mzembe anatafuta wa kulaumiwa.

Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa la Kanyangi, Mulinge alimwita Syokau mbele. Kabla mama huyo hajafika, Kanyiva alikuwa amesimama. Alisema yote, akianza na lake. Alisema faili ilikuwa yake, jina lilikuwa lake, na kutojaribu kulikuwa kwake. Kisha akasoma saa na tarehe ambazo orodha ilichukuliwa, na mahali ilipochukuliwa.

"Unajitetea!" Mutisya alipaza sauti.

"Sijitetei. Hata mkinifukuza leo, bomba liko shambani. Nendeni mlione."

Watu wakaenda, kwa miguu, na Syokau mbele. Tobo lilikuwa pale, limefunikwa na magunia, na matikiti yamestawi katikati ya ukame.

Mutisya aliondolewa kwenye pampu siku hiyo hiyo. Mulinge alibaki, kwa kuwa katiba ya chama humlinda mwenyekiti mpaka uchaguzi wa Machi. Kanyiva aliandika barua ya kuacha kazi, kamati ikaikataa. Hapakuwa na mwingine anayeijua ile tovuti, na bila tovuti matangi yote ni mabubu. Wengine walimshika mkono wakimsihi. Wengine walimwambia waziwazi kwamba aliyeharibu ndiye atakayekaa atengeneze.

Kwa hivyo Jumatatu alirudi kwenye meza yake, hatua sita kutoka meza ya Mzee Mulinge, katika chumba chenye dirisha moja. Mzee hakumwamkia. Ilikuwa miezi sita mpaka Machi. Kanyiva aliwasha kompyuta, akafungua orodha ya faili nyingine zilizoishia na maji, alizoziandika kwa miaka ile sita na sasa ameziondoa kwenye seva, zilikuwa arobaini na tatu, akaanza kuzibadilisha majina, moja baada ya nyingine, na kila aliyoimaliza akaifungua kwanza kwa simu yake kabla ya kugusa inayofuata.