Mazishi ya Serge na Waya wa Kioo

Agathe ni fundi wa faiba, nyaya za kioo zinazopitisha intaneti kwa mwanga, na Jumamosi ile ilikuwa siku yake ya kupumzika. Lakini Serge wa kwaya ya kanisa lao alikuwa amefariki, mama yake yuko mbali, kwao Uvira, bila pasipoti, na ibada ya mazishi ilipaswa kumfikia kwa video. Sasa intaneti ya kanisa, ghorofani karibu na soko la Warwick huku ugenini, imekufa asubuhi hiyohiyo.

Alipofika alimkuta Léonard, mpiga kinanda, amechuchumaa nyuma ya nguzo, mbele ya kiboksi cha intaneti cha ukutani. Amechomoa waya, anapuliza ncha yake kama anayepoza chai, kisha anaifuta kwenye shati.

“Léonard! Unafanya nini?”

“Ninasafisha, yaya,” alisema, akimwita dada mkubwa kama kawaida yake. “Iko na vumbi.”

“Kwa mate? Leta hapa!”

Akahakikisha waya umechomolewa pande zote mbili, ndipo akaitazama ncha kwa hadubini yake ndogo. Mafuta, mate, nyuzi za shati. Njia ya mwanga ndani ya kioo kile ni nyembamba kuliko unywele. Uchafu kidogo tu unaiziba. Akaisafisha kwa kalamu yake maalumu, akaitazama tena. Alipoinua kichwa, Léonard alikuwa amesogeza jicho kwenye tundu la ukutani.

Akamvuta kwa kola. “Weye!”

“Nilitaka kuona kama mwanga inakuya.”

“Ile mwanga haionekani, na inaweza kukuharibu jicho! Unataka kumzika mwenzio ukiwa kipofu?”

Ncha ya ukutani ilikuwa imepasuka kwa kuchomolewa ovyo. Agathe akavaa miwani, akaikata ili aweke mpya, akanasa vipande vya kioo kwenye karatasi ya gundi. Viwili vikabaki mezani. Kabla hajavifikia, Léonard akavifagia kwa kiganja.

“Aii!”

“Eish, Léonard! Nani alikuambia uguse?”

Akamshika kidole chini ya taa, akitafuta kwa kibano kitu kisichoonekana. Ndipo akagundua kwamba mwanamume yule analia, tena si kwa maumivu.

“Ni mimi nilimuahidi mama ya Serge kwamba atamuona mtoto wake,” alisema. “Ikikataa, nitamuambia nini?”

Agathe alikuwa na maneno mengi makali. Akainamia tena kidole.

“Kaa pale,” alisema, akikichomoa kile kipande. “Usiguse kitu.”

Kisha akaunga ncha mpya na intaneti ikarudi. Ibada ilichelewa, lakini uso wa mama yake Serge ukatokea kwenye skrini ya ukutani, mkubwa, kichwani kitambaa cheusi. “Ninawaona,” alisema. “Mtoto wangu ninamuona.” Léonard akapiga kinanda kwa kidole kilichofungwa bendeji, akikosea noti moja baada ya nyingine.

Katikati ya wimbo wa pili picha ikaganda kidogo. Léonard akainuka, akaelekea kwenye kiboksi.

Agathe akamuwahi. Akasogeza kiti, akakaa mgongo ukikiziba kiboksi, akamuonyesha kinanda kwa kidole. Picha ikarudi yenyewe. Toka pale hadi jeneza lilipotolewa hakuondoka. Hivyo ndivyo alivyomuaga Serge: nyuma ya nguzo, haoni jeneza, macho hayabanduki kwa Léonard.