Tufani Iliponiamkia

Usiku wa jana niliota nimesimama baharini juu ya ubao wa tanga, ule wa kuteleza na upepo, ambao mjukuu wangu Raya huwafundishia wageni. Nimevaa kanga zangu za harusini na soksi moja ya kijivu.

"Bibi, vua soksi," ubao unaniambia. "Unanitekenya."

Naivua, naikunja vizuri, naitia kifuani. Nauliza Raya yuko wapi.

"Yuko nje ya mwamba. Tanga lake limechanika na tufani inakuja. Tusipomfuata, mkondo utamchukua."

Nasema basi twende. Ubao unasema haendi mtu bila kusomeshwa kanuni. Papo hapo tumo darasa la nne, maji magotini, na mwalimu ni pweza. Anaita majina huku anasahihisha madaftari manane, na wino haumwishii.

"Kanuni ni moja tu," anasema. "Usishindane na upepo. Upepo ni mtoto wa watu. Zungumza naye."

"Ndiyo, mwalimu." Nikakaa. Dawati likawa ubao, tukawa baharini tena.

Tufani ikaja. Nyeusi, pana, imekumbatia mawimbi kifuani kama mtu anayepeleka nguo kufuliwa. Nikasema leo yamenifika. Lakini iliponikaribia ikasimama, ikainama.

"Shikamoo, bibi."

Mdomo ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote. Ubao ukanipiga kisigino. "Usiitikie! Ukishaitikia tu, inapita!"

Kumbe huyu kalelewa. Mtoto aliyelelewa hapiti mpaka mkubwa aitikie. Nikaufumba mdomo. Tufani ikabaki imeinama, mawimbi yamesimama wima kama sahani kabatini, na mimi napiga maji kwa viganja, polepole, napita katikati yao mpaka kwa Raya.

Amekaa juu ya ubao wake. "Bibi! Na kanga za harusini?"

"Sina za kutokea baharini. Panda, acha maneno."

Akapanda. Ndipo tukaliona kosa langu. Pwani iko mbali, mikono yangu imekwisha, mkondo unatuvuta nje, na upepo wote wa bahari umeinama pale unangoja.

"Muitikie, bibi," Raya akasema.

"Nikimuitikia yote kwa mara moja, tutakwenda kushukia Bombay."

"Bibi," tufani ikasema bila kuinua kichwa, "mgongo unaniuma."

"Vumilia, mwanangu. Ndiyo naanza." Nikamwambia Raya ashike tanga la ubao wangu.

"Ma," nikasema.

Tanga likajaa. Tukaondoka taratibu.

"Ra."

Tukauruka mwamba. Samaki mmoja, changu, akatupisha. Nikamuuliza tufani kwanza habari za mama yake. Akasema hajambo, yuko kusini, bado anasumbuliwa na kifua. Nikampa pole.

"Ha."

Hapo tukaruka kweli kweli. Kanga zinapepea, Raya anapiga vigelegele, minazi ya kwetu inakuja mbio, na mchanga huo! Ubao ukagota. Raya akashuka salama, mguu wa kulia kwanza. Mimi bado nimefumba mdomo. Kipande cha mwisho kimebaki ndani, kimenijaza mashavu.

Nikaamka hivyo hivyo, mashavu yamevimba.

Kumepambazuka. Nikachungulia dirishani. Hakuna jani linalotikisika, lakini mashuka yangu kwenye kamba yamenyooka ubavu, yameganda hewani, hayashuki.

Raya akasimama mlangoni, ubao begani.

"Shikamoo, bibi. Bahari leo shwari kabisa. Natoka na wageni mapema, tena tutavuka mwamba."

Nikafungua mdomo nimwambie asiende. Kilichotoka ni hiki:

"Ba."

Pazia likaruka mpaka darini. Mabati yakagonga, sufuria likabiringika uani, na mvua ikamwagika kwa pamoja.

Raya akaitazama mbingu, akanitazama mimi. Kisha akautua ubao nyuma ya mlango, akaenda kuinjika chai.