Mwezi wa Mwalimu Leonardi

Mwalimu Leonardi alikuwa na ofisi, miwani na kalamu tatu mfukoni. Hadithi hakuwa nayo. Wakubwa wa kisomo cha watu wazima walimwagiza aandike moja, fupi, ikasomwe kwa kinamama wa kijiji cha Ilagala wanaojifunza kusoma. Mimi nilikuwa nikifagia ofisi ile, pale Kigoma mjini, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, ndimi niliyemnakilia maandishi yake. Elimu yangu ni darasa la saba, basi.

Siku nne aliitazama karatasi. Ya tano akaniita.

"Marsiana, wewe mtoto wa wavuvi. Nipe kitu ulichokiona kwa macho."

Nikampa. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimweleza asubuhi ile mitumbwi iliporudi Ilagala, wa baba ukivutwa kwa kamba, ndani yake taa ya karabai tu. Mama alikuwa ameanika dagaa mchangani. Aliutazama mtumbwi, akaupa mgongo, akainama kuzoa dagaa, maana wingu la mvua lilishafika. Hakulia.

"Mgongo!" Mwalimu akapiga meza. "Nimeiona picha yote. Mengine niachie mimi."

Hayo mengine yalimchukua wiki mbili. Alikuwa akiandika kama mtu anayepaka chokaa ukuta ambao haujajengwa. Akatundika mwezi mpevu juu ya ziwa, "kama sahani ya fedha". Akamgaragaza mama mchangani, akamtoa kilemba, akamfanya alifokee ziwa, "Ewe Tanganyika katili!" Mama yangu hajawahi kuliambia ziwa neno. Hufulia nguo humo. Mwishoni akatokea balozi wa nyumba kumi mwenye shati jeupe, akahutubu kurasa mbili, na mjane akafuta machozi, akabeba jembe akiimba.

"Mwalimu," nikasema, "mwezi ukiwa mpevu watu hawavui dagaa. Karabai haina kazi, samaki hawaifuati. Siku hizo wanaume hushona nyavu."

"Hiyo ni sanaa, Marsiana."

"Na huyu mama anataka nini?"

"Anateseka!"

"Kuteseka nimeona. Anataka nini?"

Alivua miwani akacheka. "Darasa la saba linanifundisha! Nakili. Hata nukta usibadili."

Mama yangu mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa darasa lile la Ilagala. Angeketi kwenye benchi ajisikie akigaagaa, mbele ya majirani waliokuwepo siku ile wakaona alivyosimama. Hilo ndilo lililoninyima raha. Mwalimu hakuniuliza kama mama yumo darasani, nami sikumwambia, maana angefurahi, angezidisha kilio.

Nikanakili. Mwezi nikamwachia, wake huo. Hotuba nayo nikaiacha. Lakini mama yangu nikamwinua mchangani. Palipokuwa na kilio nikaandika mistari mitano tu: kulipokucha, kamba, karabai, mgongo, dagaa. Sikuogopa kukamatwa. Mwalimu aliyapenda maandishi yake kiasi cha kutoyasoma tena.

Jumamosi landirova ikatupeleka Ilagala. Mama alikaa benchi la pili, ubavuni mwa jirani yake Eufrasia. Mwalimu akasoma mkono ukiwa hewani. Alipofika kwenye sahani ya fedha, Eufrasia akauliza:

"Samahani Mwalimu, mwezi mkubwa hivyo, huyo bwana alikwenda kuvua nini? Nyota?"

"Alikuwa na mwanamke wa ng'ambo," akadakia mwingine, "karabai ni kisingizio!"

Wakacheka hadi mabenchi yakalia. Mama hakucheka. Nami nikaona upumbavu wangu: nilimwokoa mama, nikamtupa baba.

Mwalimu akafunua ukurasa, akakutana na mistari asiyoijua. Akasita. Akanitazama kwa jicho la kunifukuza kazi. Lakini kinamama walikuwa wakingoja, akaendelea. Katika mstari wa tatu kicheko kilikwisha. Katika wa tano Eufrasia alikuwa ameushika mkono wa mama. Ilipoanza hotuba ya balozi, watu wakaanza kufunga kanga zao waondoke.

"Umeona walivyonyamaza?" Mwalimu aliniambia nje, amejaa kama kibofu. "Ule mgongo! Nilijua tu." Kufukuzwa kazi kukawa kumesahaulika. Sifa ilikuwa imempata, hakutaka kuuliza ilitoka wapi.

Nikamfuata mama hadi mlangoni kwake.

"Umeandika wewe," alisema.

"Kidogo, mama."

"Umesahau. Sikuanza na dagaa wangu. Nilianza na wa Eufrasia."

"Kwa nini? Wako wangelowa."

"Walilowa." Alikung'uta mchanga kwenye kanga. "Watu walikuwa wanakuja kunishika. Mtu anayezoa dagaa wa mwenzake, nani atamsimamisha ampe pole? Nilitaka wasinifikie kwanza."

Wiki mbili Mwalimu alikuwa amelitafuta jambo hilo, alilolitaka mama, kwenye mwezi.

"Halafu mwezi ule uutoe," mama akaongeza. "Baba yako alikuwa anaijua kazi yake."

Jumatatu nilipofagia ofisi niliziokota rasimu zake kapuni, nikaenda nazo nyumbani, nikazigeuza na kuanza upya: giza, karabai, dagaa wa Eufrasia. Karatasi zilikuwa nzima bado. Upande mmoja tu ndio uliokuwa umeharibika.