Saa Kumi na Mbili za Bi Sayyida

Saini ni yangu, sina pa kukimbilia. Wino wa buluu, na ule mkia mrefu wa kujishaua ninaoutia kwenye barua za wizarani kwetu. Ustadha Balqees, mwalimu wa binti yangu, aliiweka karatasi mezani, akaigeuza inielekee mimi.

Mwaka jana binti yangu Aliya aliugua, akakosa muhula mzima wa somo la jamii. Kwa shule yake, somo lisilokamilika ni krediti pungufu, na krediti ikipungua hata nusu, cheti hakuna. Njia iliyobaki ilikuwa safari ya masomo: siku kumi Unguja na wenzake, saa sitini za kujifunza, kila saa itiwe saini na mwalimu aliyekuwa naye. Akizitimiza anapata cheti, na kwa cheti hicho anaichukua nafasi ya ufadhili wa kusomea ufamasia, iliyokuwa ikimngoja mpaka mwisho wa Julai.

Mimi nilisikia Unguja tu, mengine hayakuniingia. Nikamjazia sanduku: halua, ubani, maziwa ya unga, vitambaa vya kanzu. Mtu wa kwetu huku ng'ambo, mwenye asili ya Unguja, hatii mguu kule akaondoka bila ya kuwapa mkono jamaa. Na Bi Sayyida, dada yake marehemu mama yangu, yuko hai, Bububu.

Siku ya nne Aliya alinipigia simu.

"Mama, ustadha anasema nikenda kwa bibi siku mbili, saa kumi na mbili hazihisabiwi. Ntabakiwa na arubaini na nane."

"Saa gani, wewe? Bibi yako akisikia umefika na hukwenda kumuona, mimi uso wangu ntauweka wapi?"

"Naogopa, mama."

"Mwambie aniletee hiyo barua ya ruhusa nitie saini. Hayo mengine tutazungumza nao huku huku. Watu tunajuana."

Alikuwa akilia, namjua anavyovuta pumzi. Nikakata simu, na barua ilipofika nikatia saini, nikairudisha. Mstari wa chini niliusoma: saa hizi hazitafidiwa. Niliusoma, wallahi, nikaona ni maneno ya ofisini tu. Miaka ishirini na mbili niko ofisini, na sijaona neno la ofisini lisilolainika kwa kikombe cha kahawa na simu moja.

Hili halikulainika. Safari iliporudi nilikwenda kwa ustadha, ndipo aliponigeuzia karatasi ile, nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamtuma shemeji yangu Murshid anayejuana na wakubwa. Kwa Bi Sayyida, Aliya alikuwa ameandika kurasa ishirini na moja: wazee saba nyuma, nani kazaliwa wapi, nani kahama na meli gani. Balqees alizisoma zote. Alisema hiyo ndiyo kazi bora ya safari nzima, na kwamba hawezi kuihisabu kwa kuwa yeye hakuwapo. Macho yalimjaa maji. Machozi yake yangenifaa nini?

Julai ikaisha, nafasi akapewa mtoto wa watu. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Mimi nimechuma, na anayekula ni mtoto peke yake. Wenzake wanakutana mtaa wa Qurum kupanga habari za chuo, yeye haendi. Halii, wala hanijibu vibaya. Angenitukana ningepumua.

Ijumaa iliyopita, tumekaa tumemaliza kula, simu yangu ikaleta ujumbe wa sauti wa Bi Sayyida, nikaufungua.

"Masouda mwanangu, nnakushukuru kwa kuniletea mjukuu. Miaka mingapi hakuna aliyenigongea mlango! Sherehe yake ya kumaliza skuli lini? Kanga yake nshainunua."

Aliya alinyoosha mkono, akaichukua simu. Akamjibu kwa sauti ya furaha ambayo sijaisikia tangu safari ile: "Bibi yangu, bado kidogo, inshallah. Niwekee."

Akanirudishia.

"Usimwambie," akasema. "Asije akajiona yeye ndo sababu."

"Si yeye," nikasema.

"Najua si yeye."

Akainuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu.